Unayoiweza au Unayoipenda: Mambo ya Kufanya Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi

Kwa miaka 11 nilikuwa mhasibu wa kampuni moja ya malori jijini Dar es Salaam, na kazi niliiweza. Dizeli, matairi, posho za madereva, vyote vilifungwa mwisho wa mwezi bila shilingi kupotea njiani. Jioni, badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani Temeke, nilikuwa nashuka daladala Keko kwa maseremala. Nasimama tu kama mtu anayemsubiri mwenzake, namwangalia fundi akipiga randa ubao wa mninga mpaka mistari yake myekundu inatokeza. Siku nyingine giza linaingia sijaondoka.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye katika hali hiyo: ana kazi anayoiweza na inayomlisha, halafu kuna nyingine inayomkosesha usingizi kwa uzuri wake. Asiye na hata moja shida yake ni nyingine, na sitaki kumpotezea muda. Natumia mfano wa uhasibu na useremala kwa kuwa ndio ninaoujua. Wewe weka wako, uwe ni unesi na upishi, ualimu na muziki, au benki na kilimo cha vitunguu.

Hatua ya 1: Hakikisha unayoiweza unaiweza kweli

Kuzoea kazi si kuiweza. Mtu akikaa dawati moja miaka minane atajua kila faili lilipo, lakini mhamishie ofisi ya jirani uone kama hajawa mgeni. Kipimo changu ni hiki: kuna mtu wa nje ya ofisi yako aliyewahi kukulipa, au hata kukubembeleza, umfanyie kazi hiyo? Kama shemeji wa rafiki yako alikupigia Jumapili umpangie hesabu za duka lake, na mwezi uliofuata akapiga tena, una ujuzi unaouzika. Kama hakuna aliyewahi kupiga, usiache chochote kwa sasa. Tumia mwaka mzima kuutafuta ujuzi huo, maana ndio utakaokulisha wakati kazi ya moyo inajikongoja.

Hatua ya 2: Andika kero za kazi unayoipenda

Hapa ndipo ningekuomba ukae sana. Kazi yoyote ukiitazama kutoka barabarani unaiona dakika yake nzuri tu. Mshonaji unamwona siku mteja anajaribu gauni likamkaa. Humwoni wiki ya kabla ya Idi, saa nane usiku, vitambaa vya watu vimejaa mpaka chini ya cherehani na kila mwenye kitambaa ameahidiwa kesho. Mpishi wa shughuli unamwona pilau likipakuliwa na watu wakisifu. Saa kumi alfajiri alikuwa soko la Ilala akigombea nyanya, na usiku wageni wakishaondoka anabaki anakwangua ukoko wa masufuria.

Chukua karatasi, uandike kero peke yake. Usiandike kwa nini unaipenda; hilo tumeshalisikia. Ukishindwa kufikisha kero kumi, kazi hiyo huijui bado. Nenda ukakae na wenyewe, uwanunulie chai, uwaulize nini kinawaudhi. Mafundi ni watu wa kulalamika vizuri ukiwasikiliza.

Yangu ilikuwa hivi, kwa kifupi. Mbao mbichi zinazouzwa kama kavu, ambazo zinajikunja baada ya mlango kufungwa na lawama anabeba fundi. Umeme kukatika ubao ukiwa katikati ya mashine. Vumbi linaloingia mpaka kwenye chakula. Kupiga msasa, saa baada ya saa. Mteja anayekuja na picha ya kabati la mninga kwenye simu huku mfukoni ana hela ya paini. Mwingine anatoa advansi, halafu anapotea miezi miwili, kabati lake limekaa karakanani likila nafasi. Na kudai salio. Hilo la mwisho ndilo lililonishangaza. Kudai madeni ya kampuni nilikuwa simba, nilikuwa napiga simu mpaka mdaiwa anabadilisha laini. Kudai changu mwenyewe nikawa paka.

Mbele ya kila kero andika kama unaimudu, au unaichukia lakini unaweza kuizoea, au huiwezi kabisa. Kero usiyoiweza ikiwa inatokea mara moja kwa mwaka, tutaishi nayo. Ikiwa inatokea kila siku, simama hapo hapo ufikirie upya, kwa sababu mapenzi hayataiondoa.

Halafu geuza karatasi, fanya vivyo hivyo kwa kazi uliyonayo. Utashangaa. Watu wengi niliozungumza nao, wanaosema wanataka kufuata moyo, ukiwachimba unakuta wanamkimbia msimamizi mmoja, au foleni ya asubuhi. Kama ni hivyo, omba kuhamia idara nyingine au tafuta mwajiri mwingine. Ni dawa ya bei nafuu zaidi kuliko kununua mashine ya kuranda.

Hatua ya 3: Itumie likizo yako kujaribu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Wengi wetu tunaimalizia kijijini au kwenye ujenzi wa ile nyumba isiyoisha. Mwaka mmoja tu, ichukue yote kwa mkupuo na uipeleke kwenye kazi unayoipenda. Nenda kama mwanafunzi, ukubali kutumwa, na usome mkataba wako kwanza. Baadhi ya waajiri wamekataza kazi ya pembeni kwa maandishi, hasa ikifanana na shughuli zao.

Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja wa Keko niliyekuwa nikimtazama siku zote. Nilimwambia, "Mzee, shikamoo, naomba nije nikusaidie mwezi mmoja, sitaki malipo." Aliitikia marahaba, akanitazama viatu, akasema, "Mhasibu, hapa hatuna kiti cha kuzunguka." Kesho yake nilianza, nikiwa saidia fundi mwenye shahada.

Wiki ya kwanza ilikuwa sikukuu. Nilinusa mbao, nikashika kila kifaa, usiku nililala kama mtoto. Wiki ya pili zikaja kazi za kanisa fulani, viti 24, na mimi nikapewa miguu nipige msasa. Miguu 96. Jumanne nilikuwa bado nachekesha watu. Jumatano nikaanza kujitolea kwenda kununua misumari ambayo hakuna aliyeihitaji. Mzee aliniona, akaacha nirudi mara ya tatu ndipo akasema: "Mhasibu, wewe unapenda kiti. Kutengeneza kiti bado hujakupenda."

Neno lile lilinikata kuliko patasi. Nilikaribia kurudi ofisini kabla likizo haijaisha. Lakini wiki ya tatu alinifundisha kuunganisha ubao kwa ubao, ulimi ukiingia kwenye tundu lake bila msumari hata mmoja, na siku ile nilipokuja kushika simu ilikuwa saa tisa na nilikuwa sijala. Basi nikapata jibu lenye mipaka: kuunganisha mbao nakupenda kweli, msasa naumudu nusu siku, mazungumzo ya hela na mteja siyawezi. Jibu la namna hiyo ndilo unalolitafuta. "Napenda useremala" ni maneno ya mtu aliyesimama barabarani.

Kila jioni ya majaribio andika kwenye daftari ulichofanya, uliangalia saa mara ngapi, na kesho ungechagua kufanya nini kama ungeachiwa uchague. Usiandike ulivyojisikia, ukiwa umechoka hisia hudanganya kote kote.

Aliyejiajiri, au asiyeweza kupata likizo ndefu, atumie Jumamosi 12 mfululizo. Jumamosi moja ni matembezi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ukiwa na njaa, si ukiwa na furaha

Tafuta kwanza kiasi ambacho nyumba yako haiwezi kushuka chini yake kwa mwezi: kodi, chakula, nauli, ada iliyogawanywa kwa miezi 12, marejesho ya vikoba, na ile hela ya nyumbani kijijini ambayo hakuna mtu anaiandika lakini kila mtu anaituma. Yangu wakati ule ilikuwa shilingi 780,000.

Sasa ichambue bidhaa moja ya kazi unayoipenda. Kwa mfano, kitanda cha mkongo cha 5 kwa 6 unakiuza 450,000. Mbao 210,000. Gundi, msasa, misumari na vanishi 45,000. Kuranda kwa mashine ya mwenzako 15,000. Kirikuu ya kufikisha kwa mteja 20,000. Sehemu ya kodi ya kibanda 20,000. Umebakiwa na 140,000, na umetumia siku nne. Ili nyumba isishuke chini ya 780,000 unahitaji vitanda sita kila mwezi, yaani siku 24 za kazi, umeme usikatike, usiumwe, na wateja sita walipe salio siku ya kuchukua. Bei za eneo lako zitakuwa nyingine, lakini fanya zoezi hili kwa shilingi zako mwenyewe. Wengi huishia kwenye 450,000 mara sita na kuona wametajirika.

Kwenye akiba, ushauri wa kuweka matumizi ya miezi mitatu au sita unasikika kila mahali. Kwetu mjini nauona haujakamilika, kwa sababu wenye nyumba wengi bado wanataka kodi ya miezi sita kwa pamoja, na shule zinataka ada Januari. Maisha yetu hayaji kwa mwezi, yanakuja kwa mafungu. Kwa hiyo tarehe ya kuondoka ipange baada ya fungu kubwa kulipwa. Anayeacha kazi Novemba, kodi inaisha Desemba na watoto wawili wanafungua Januari, amejitengenezea tatizo ambalo kipaji hakilitatui.

Hatua ya 5: Waambie wa nyumbani mapema, na uende na kitu mkononi

Mwenzi wako asilisikie jambo hili siku ya barua. Mpe zile karatasi za kero na zile hesabu, mwache azisome peke yake, halafu umsikilize akikupinga. Mke wangu aliuliza swali moja tu ambalo sikuwa nimelifikiria: "Na kadi za bima za watoto?" Kadi zilitoka kazini. Siku unaondoka, zinaondoka.

Wazazi ni habari nyingine. Mama aliyeuza ng'ombe ili usome hataki kusikia kwamba umetoka ofisi yenye feni kwenda kwenye vumbi, na kumweleza kuhusu moyo wako ni kumwongezea machungu. Kwake hili ni suala la heshima. Majirani watasema mtoto amefukuzwa. Mimi sikumweleza kitu. Nilimpelekea kabati la vyombo nililolitengeneza mwenyewe, likakaa sebuleni, wageni wakauliza limenunuliwa wapi. Baada ya miezi kadhaa ndiye aliyeanza mazungumzo, na alianza kwa kuniuliza la dada yake lingegharimu kiasi gani.

Hatua ya 6: Kabla ya kuacha moja, jaribu kuzichanganya

Watakwambia mshika mbili moja humponyoka. Katika jambo hili methali hiyo imewaponza wengi. Shaaban Robert alianza ukarani serikalini mwaka 1926, katika forodha, na sehemu kubwa ya maisha yake ya uandishi aliipitisha akiwa karani: idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga, ofisi ya upimaji. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye jina lake leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, alikuwa msaidizi katika hospitali ya Muhimbili huku akichora kwenye vipande vya mbao nyembamba kwa rangi zilezile za kupakia baiskeli. Kazi iliyowalisha iliiachia kazi waliyoipenda isilazimike kulipa kodi ya nyumba ikiwa bado changa.

Angalia ni sehemu gani ya ujuzi wako wa zamani inahitajika kwenye kazi mpya. Nesi anayependa kupika anajua mgonjwa wa kisukari ale nini. Mimi nilipokaa Keko niligundua kwamba mafundi wanaopiga kazi ya hali ya juu hawajui kitanda kinawagharimu kiasi gani; wanapanga bei kwa kumtazama jirani. Yule mzee aliyenicheka viatu alikuwa akiuza meza zake kwa hasara ya shilingi elfu kadhaa kila moja, mwaka wa ngapi sijui. Nikaanza kumwandikia daftari. Yeye, kwa upande wake, akawa ndiye anayezungumza na wateja wangu, kwa sababu ile ndiyo kero niliyoshindwa. Naye hilo analipenda, anapatana bei kama anacheza bao.

Tafuta mtu wako wa namna hiyo kabla hujatafuta mtaji.

Hatua ya 7: Mambo ya karatasi, kama umeamua kuondoka

Haya yasome hata kama hayasisimui.

Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Kiinua mgongo cha kisheria, kile cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka 10, kimewekwa kwa ajili ya anayeachishwa na mwajiri. Ukijiuzulu mwenyewe usikihesabu. Vivyo hivyo fao la kukosa ajira halikutungwa kwa ajili ya aliyeandika barua kwa hiari yake. Nimewaona watu wakipanga kuanzia biashara kwa fedha hizo.

Nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukaangalie umechangia miezi mingapi. Pensheni ya uzee inahitaji michango isiyopungua miezi 180. Mwenye miezi 150 akiacha kabisa kuchangia anaacha embe limebakiza siku chache kuiva. Aulize utaratibu wa wachangiaji waliojiajiri, upo.

Kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, ofisini mwajiri alikuwa anakata asilimia 15 ya mshahara bila wewe kuhisi sana. Deni halijiuzulu. Nenda mwenyewe ukapange namna ya kulipa kabla halijakufuata.

Omba hati ya utumishi. Ni haki yako. Uanachama wa bodi yako ya taaluma usiuache ufe. Mimi ada ya NBAA nalipa kila mwaka, hata mwaka ule ambao nilikuwa nanuka vanishi kuanzia Januari.

Na ujuzi wa mkono ulioupata mtaani unaweza kupimwa na kupewa cheti na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kupitia mpango wake wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kwa wateja wa mtaani cheti hakina maana kubwa, lakini siku unapoomba zabuni ya madawati ya shule kitaulizwa.

Nilivyoishia mimi

Sikuchagua moja. Niliacha malori, nikachukua maduka matano madogo ninayoyafanyia hesabu kwa malipo ya mwezi. Kazi ya uhasibu wa maduka ina kalenda yake: makato ya PAYE, yaani kodi ya mishahara, yanatakiwa kufika TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na ritani (fomu ya hesabu) ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ifikapo tarehe 20. Kwa hiyo kuanzia tarehe 1 mpaka 20 mimi ni mhasibu, na mchana ukibaki na nafasi naenda karakanani. Tarehe 21 naifunga kompyuta, na mpaka mwezi uishe mimi ni seremala. Chunguza kazi yako nayo, huenda ina kalenda ambayo hujaiona. Mwalimu ana mwezi Desemba, mkulima ana kiangazi.

Kipato kilishuka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili kikarudi karibu na pale kilipokuwa, na kuna miezi ambayo bado nakopa kwa mke wangu nikamrudishia tarehe 5. Msasa siupendi mpaka leo. Nimemtafuta kijana wa kunisaidia, naye anataka kujua ni lini nitamfundisha ule ulimi na tundu. Nimemwambia aanze na miguu ya viti.

Leo ni tarehe 19. Kuna ritani mbili sijazimaliza, na mwenye duka la vipuri hajaniletea risiti zake. Mbao za mninga zimefika jana, ziko chini ya turubai. Nimezigusa tu kuona kama zimekauka.